Kati ya Kujua na Kuarifu: Historia ya Teknolojia ya Mawasiliano katika Usimamizi wa Dharura Vyuoni, 1990–2020

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya matumizi ya teknolojia ya habari na mawasiliano (TEHAMA) katika kukabili dharura kwenye kampasi za vyuo vikuu, tangu sheria ya usalama wa kampasi iliyotungwa Marekani mwaka 1990 hadi matukio ya Kenya ya mwaka 2015 na ya Uganda ya mwaka 2020. Hoja kuu ni kwamba, katika kila tukio linalochunguzwa, madhara yalikuzwa na muda uliopita kati ya mtu mmoja kujua na umma wa kampasi kuarifiwa, na kwamba muda huo uliongozwa zaidi na mamlaka na lugha kuliko uwezo wa mitambo. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza kwamba Kiswahili kiwekwe ndani ya mifumo ya onyo ya vyuo vya Afrika Mashariki mapema, kabla ya dharura kubisha hodi.

1.0 Utangulizi

Chuo kikuu ni mji mdogo. Kina mabweni, majiko, maabara, maktaba, zahanati, viwanja na milango isiyofungwa mchana kutwa. Wakazi wake wengi ni vijana wanaobadilika kila mwaka, na pembeni yao wapo wapishi, walinzi, wafagiaji, wachuuzi na wageni ambao majina yao hayamo katika rejesta yoyote ya masomo. Mji wa namna hii unapopatwa na moto, mlipuko, maradhi au shambulio la silaha, swali la kwanza huwa ni la mawasiliano: nani amejua, na amemwambia nani?

Kwa muda mrefu jibu la swali hilo lilikuwa kengele, king'ora, ubao wa matangazo na mdomo wa mtu. Barua pepe, tovuti na simu za mkononi zilipoingia vyuoni, ilitarajiwa kwamba umbali kati ya kujua na kuarifu ungefutika. Historia haikwenda hivyo. Katika sehemu zinazofuata tunaonyesha kwamba chombo kipya kilipowekwa juu ya utaratibu wa zamani, kilirithi ucheleweshaji wa utaratibu huo. Tunaanza na Marekani, kwa kuwa huko ndiko wajibu wa chuo wa kutoa onyo ulikoandikwa kuwa sheria, kisha tunarejea Afrika Mashariki, ambako teknolojia ya dharura ilizaliwa kwa njia tofauti kabisa.

2.0 Wajibu wa kuonya: Marekani, 1986–2011

Mwaka 1986 mwanafunzi Jeanne Clery aliuawa bwenini katika Chuo Kikuu cha Lehigh, jimbo la Pennsylvania. Wazazi wake walidai kwamba vyuo vilificha habari za uhalifu, na harakati zao zilizaa sheria ya shirikisho ya mwaka 1990 ambayo leo hujulikana kwa jina lake. Sheria hiyo iliviagiza vyuo vinavyoshiriki katika mipango ya serikali ya ufadhili wa wanafunzi kuchapisha takwimu za uhalifu kila mwaka, na pia kutoa onyo kwa wakati pale kosa lililotendeka linapoendelea kuwatishia wengine. Ni muhimu kutambua kwamba sheria haikueleza kwa dakika maana ya maneno "kwa wakati". Tafsiri iliachwa mikononi mwa viongozi wa vyuo.

Tafsiri hiyo ilipimwa tarehe 16 Aprili 2007 katika chuo cha Virginia Tech. Yapata saa 1:15 asubuhi watu wawili walipigwa risasi katika bweni la West Ambler Johnston. Polisi wa chuo walidhani kwamba kisa kilitokana na ugomvi wa kimapenzi na kwamba mshukiwa alikuwa ameondoka kampasini. Kamati ya uongozi ilikutana, ikatafakari, na barua pepe ya kwanza kwa jumuiya nzima ikatumwa saa 3:26. Ilieleza kwamba kumetokea tukio la risasi na kuwataka watu wawe waangalifu. Yapata saa 3:40, muuaji alianza kufyatua risasi katika jengo la madarasa la Norris, ambako watu 30 waliuawa. Kwa jumla watu 32 walipoteza maisha siku hiyo, mbali na muuaji mwenyewe.

Jopo la uchunguzi lililoundwa na gavana wa jimbo lilitoa taarifa yake Agosti 2007, na ndani yake mna jambo linalostahili uzito mkubwa katika mjadala wetu. Polisi wa chuo, ambao ndio waliofika kwanza mahali pa tukio na ndio waliojua, hawakuwa na uwezo wa kutuma onyo wao wenyewe. Sharti ombi lipite kwa uongozi, na uongozi uamue maneno. Chuo kilikuwa na barua pepe, tovuti na simu, na wakati huohuo kilikuwa katika hatua za kufunga mfumo mpya wa kutuma ujumbe kwa njia nyingi kwa mpigo. Vyombo havikukosekana kabisa. Saa mbili na dakika 11 zilizopita kati ya risasi za kwanza na barua pepe ya kwanza zilitumika katika kuamua.

Sheria ya elimu ya juu iliyotiwa saini Agosti 2008 ilijaribu kuziba pengo hilo. Iliongeza wajibu wa kutoa taarifa ya papo kwa papo mara dharura inapothibitishwa, na ikaagiza taratibu za onyo na uhamishaji wa watu zijaribiwe kila mwaka. Vyuo vikaanza kununua mifumo ya ujumbe mfupi, vipaza sauti vya nje na maonyo yanayojitokeza kwenye skrini za kompyuta. Matokeo yake yanaonekana katika chuo kilekile. Tarehe 8 Desemba 2011, askari polisi wa Virginia Tech alipouawa kwa risasi mchana, onyo la kwanza lilitoka katika muda usiofika nusu saa. Siku hiyohiyo viongozi wa chuo walikuwa Washington wakipinga faini ya dola 55,000 waliyotozwa kwa kuchelewa kuonya mwaka 2007.

Hata hivyo, kasi ina ukomo wake. Tarehe 14 Februari 2008, katika Chuo Kikuu cha Northern Illinois, onyo liliwekwa kwenye tovuti yapata dakika 15 tu baada ya risasi kuanza kusikika ukumbini. Wanafunzi watano walikuwa wamekwisha kupata majeraha yaliyowaua. Onyo linaweza kumwokoa aliye mbali na hatari, lakini si rahisi limfikie aliye ndani yake. Kwa hiyo mfumo wa dharura unaojengwa juu ya onyo pekee ni nusu ya mfumo.

3.0 Ushahidi kutoka chini: Kenya, 2008

Wakati vyuo vya Marekani vikibuni njia za kupeleka ujumbe kutoka juu kwenda chini, nchini Kenya kulizuka njia ya mkondo wa pili. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, nchi ilitumbukia katika machafuko yaliyoua zaidi ya watu 1,000 na kuwahamisha mamia ya maelfu. Serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya habari. Katika ombwe hilo, mwanzoni mwa Januari 2008, Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia walishiriki kuanzisha jukwaa la mtandaoni waliloliita kwa neno la Kiswahili: Ushahidi.

Utendaji wake ulikuwa mwepesi kueleweka. Raia aliyeona tukio alituma taarifa kwa ujumbe mfupi au kupitia tovuti, taarifa ikapokelewa na kuhakikiwa kadiri ilivyowezekana, kisha ikawekwa kwenye ramani ili wote waone nini kinatokea wapi. Mwaka 2010 programu hiyo ilitumiwa baada ya tetemeko la ardhi la Haiti, na baadaye ikaenea katika nchi nyingi.

Kwa mwanahistoria, umuhimu wa Ushahidi umo katika kugeuza nafasi ya mhanga. Katika utaratibu wa Marekani, mwanafunzi ni mpokeaji: anasubiri kuambiwa. Katika utaratibu wa Ushahidi, aliye karibu na tukio ndiye chanzo cha taarifa. Mikondo hii miwili ilihitajiana. Wa kwanza unaeleza nini kifanyike na wa pili unaeleza nini kinatokea. Lakini jukwaa lililobuniwa Kenya lilipata umaarufu katika chaguzi na majanga ya kitaifa, na historia ya mwaka 2015 inaonyesha kwamba ndani ya kampasi za Kenya kwenyewe mikondo hiyo ilikuwa bado haijaunganishwa.

4.0 Matukio matatu ya Kenya, 2015

4.1 Garissa, Aprili 2

Machi 2015 Chuo Kikuu cha Nairobi kiliwatangazia wanafunzi wake kwamba kulikuwa na taarifa za kijasusi kuhusu uwezekano wa kushambuliwa kwa chuo kikuu. Hivyo basi, kujua kulikuwepo, na hata kuarifu kwa namna fulani kulikuwepo. Lakini tangazo la aina hiyo halisemi lini, wala wapi, wala msomaji afanye nini asubuhi ya siku yenyewe.

Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 2 Aprili, yapata saa 11:30, watu wanne wenye silaha waliingia katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, wakati huo kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha Moi. Wanafunzi wengi walikuwa bado mabwenini. Uvamizi uliendelea mchana kutwa. Kikosi maalumu cha Recce, ambacho kambi yake iko karibu na Nairobi, zaidi ya kilomita 350 kutoka Garissa, kilifika mchana na kumaliza uvamizi jioni. Watu 148 waliuawa, wakiwemo wanafunzi 142.

Katika saa hizo ndefu, baadhi ya wanafunzi waliojificha walikuwa na simu mikononi. Waliwasiliana na wazazi, ndugu na marafiki, na nchi nzima ikajua kwamba wapo vijana walio hai ndani ya majengo. Kwa maneno mengine, ushahidi ulikuwa unatoka. Ulielekea kwa wale waliokuwa na uchungu nao, kwa sababu hapakuwa na namba moja ya chuo, iliyojulikana na kila mwanafunzi, ambayo ingeweza kuukusanya kwenye ramani ya majengo na kuukabidhi kwa waokoaji. Manusura mmoja alipatikana siku mbili baadaye akiwa amejificha kabatini. Kukaa kwake humo siku mbili kunatukumbusha kwamba dharura haijaisha mpaka kila aliye ndani aambiwe, kwa njia anayoweza kuiamini, kwamba imeisha.

Baada ya silaha kunyamaza, dharura ya pili ilianza jijini Nairobi. Wazazi walikusanyika katika Uwanja wa Nyayo kusubiri mabasi ya manusura, na wengine walikwenda kwenye hifadhi ya maiti ya Chiromo kutambua miili. Mzazi aliyesimama Nyayo hakuhitaji onyo tena. Alihitaji orodha: nani alilala chuoni usiku ule, nani ameonekana, nani yuko hospitali. Kazi hiyo haihitaji mitambo ya ajabu. Inahitaji rejesta ya wakazi wa mabweni iliyosahihishwa, ambayo nakala yake imehifadhiwa nje ya kampasi.

4.2 Kikuyu, Aprili 12

Siku kumi baadaye, kabla ya mapambazuko, mlipuko wa umeme ulisikika katika Kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi, ambao habari za Garissa zilikuwa bado mbichi masikioni mwao, waliamini kwamba wameshambuliwa. Wengi waliruka kutoka ghorofani. Mwanafunzi mmoja alifariki na zaidi ya 100 walijeruhiwa. Hapakuwa na mshambuliaji hata mmoja.

Tukio la Kikuyu halina kumbukumbu kubwa kama la Garissa, lakini kwa mada hii lina funzo zito zaidi. Kifo na majeraha yale yalitokana na ukimya. Sauti ilisikika na hapakuwa na neno lililoieleza upesi, hivyo woga ukatoa maelezo yake. Historia ya Marekani imetufundisha kuuliza: je, chuo kinaweza kusema "kimbieni" kwa haraka? Kikuyu inatulazimisha kuongeza swali la pili: je, chuo kinaweza kusema "msikimbie" kwa haraka ileile, na kikaaminiwa?

4.3 Strathmore, Novemba 30

Mwishoni mwa mwaka huohuo, Chuo Kikuu cha Strathmore jijini Nairobi kilifanya zoezi la kuiga shambulio ili kupima utayari wake. Baadhi ya waliokuwepo hawakujua kwamba ni zoezi. Watu waliruka kutoka majengoni, kadhaa wakajeruhiwa, na mfanyakazi mmoja akafariki. Nia ya zoezi ilikuwa njema, na ilikuwa ileile iliyowekwa katika sheria ya Marekani ya mwaka 2008, yaani kujaribu mfumo kabla ya haja. Lakini zoezi nalo ni tukio la mawasiliano. Lisipotangazwa kwa kila mtu, kwa lugha anayoielewa, hugeuka kuwa dharura yenyewe.

5.0 Dharura zisizo na risasi

Si kila dharura huja na bunduki. Usiku wa tarehe 20 Septemba 2020 moto uliteketeza Jengo Kuu la Chuo Kikuu cha Makerere, lililojengwa mwaka 1941 na ambalo ndani yake mlikuwa na ofisi za uongozi, fedha na kumbukumbu. Jengo lilijengwa upya kwa sura yake ya zamani. Karatasi haijengwi upya. Moto huo ulilikumbusha eneo zima kwamba usimamizi wa dharura unahusu pia kile kitakachobaki baada ya dharura, na kwamba nakala ya kidijitali inayotunzwa katika seva ya jengo lilelile haina tofauti kubwa na karatasi iliyomo kabatini.

Miezi michache kabla ya hapo, mlipuko wa UVIKO-19 ulikuwa umefunga vyuo vya Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Tarakilishi na simu zilizokuwa msaada wa masomo zikawa darasa lenyewe. Kwa mintarafu ya makala haya, jambo moja latosha kutajwa: vyuo vilivyokuwa na namba sahihi za simu za wanafunzi viliweza kuzungumza nao tangu siku ya kwanza. Rejesta iliyokosekana Nyayo mwaka 2015 na namba iliyohitajika mwaka 2020 ni kitu kimoja.

6.0 Lugha ya onyo

Hapa ndipo historia hii inapowahusu moja kwa moja wataalamu wa Kiswahili. Lugha ya ofisi katika vyuo vikuu vya Kenya, Uganda na Rwanda ni Kiingereza, na nchini Burundi ni Kifaransa. Mlinzi wa lango, mpishi wa bwalo na mfagiaji wa bweni mara nyingi hufanya kazi zao kwa lugha nyingine. Hao ndio wanaoamka kabla ya wengine, na ndio wanaoona kwanza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Rwanda ilikifanya kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi mwaka 2017. Msingi wa kisheria upo. Kinachohitajika ni maneno yaliyokubalika.

Ujumbe wa Virginia Tech wa saa 3:26 uliwataka watu "wawe waangalifu". Ni ushauri usiokuwa na tendo. Kiswahili nacho kina hatari ya kuingia katika mtego huohuo, kwa kuwa maneno onyo, ilani, angalizo na tahadhari hutumiwa kwa kubadilishana. Hata hivyo, tunao mfano wa karibu wa kurekebisha hali hiyo: Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania imezoesha umma kutofautisha angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Makala haya yanapendekeza vyuo navyo vichague ngazi tatu tu. TAHADHARI itumike pale hatari inapowezekana, HATARI pale inapokuwepo, na SHWARI pale inapokwisha au inapothibitika kwamba haikuwepo. Kila neno lifuatwe na tendo. "HATARI: Milio ya risasi, Bweni B. Jifungieni ndani. Zimeni taa. Nyamazisheni simu." Au, kwa usiku kama ule wa Kikuyu: "SHWARI: Mlipuko ni wa transfoma. Hakuna shambulio. Msiruke. Bakini vyumbani."

Ufupi huo una sababu ya kiufundi pia. Ujumbe mfupi wa simu hutumwa kwa kila namba peke yake, na mtandao unapolemewa huweza kusubiri foleni. Njia nyingine ni ile ya mnara wa simu kutangaza ujumbe mara moja kwa simu zote zilizo katika eneo lake. Njia hiyo haihitaji orodha ya namba, kwa hiyo humfikia pia mgeni na mchuuzi, ila huhitaji makubaliano ya mapema kati ya chuo, serikali na kampuni za simu. Vipaza sauti havihitaji simu wala chaji. Hakuna chombo kimoja kinachotosha, na ujumbe ulio mfupi na uleule ndio unaoweza kupita katika vyote.

7.0 Hitimisho

Tumepitia miongo mitatu, mabara mawili na aina kadhaa za dharura. Blacksburg mwaka 2007, waliojua hawakuwa na uwezo wa kusema. Garissa mwaka 2015, waliokuwa wakisema hawakuwa na wa kuwapokea. Kikuyu, hapakuwa na aliyesema upesi. Strathmore, kilichosemwa hakikumfikia kila mtu. Katika matukio yote manne mitambo ya mawasiliano ilikuwepo kwa kiasi fulani, na katika yote manne uamuzi wa nani aseme, kwa nani na kwa maneno gani haukuwa umekamilika kabla ya siku yenyewe.

Kwa hiyo, chuo kinachokusudia kuwekeza katika TEHAMA kwa ajili ya dharura kingefanya vyema kuanza na mambo yasiyo na gharama kubwa. Kwanza, afisa wa usalama aliye zamuni, usiku na mchana, apewe mamlaka ya kutuma onyo la kwanza bila kusubiri kikao. Pili, pawepo namba moja ya kupokea taarifa kutoka kwa aliye hatarini, na mtu wa kuiitikia. Tatu, rejesta ya wakazi na namba zao itunzwe nje ya kampasi, kwa kuzingatia sheria za ulinzi wa taarifa binafsi. Nne, majaribio yafanyike kila mwaka na yatangazwe mapema kwa wote, akiwemo mfanyakazi wa kibarua. Tano, ujumbe wa Kiswahili uandikwe na kuhaririwa sasa, mchana, akili zikiwa zimetulia.

Jambo hilo la tano haliwezi kufanywa na mafundi wa kompyuta. Ni kazi ya wanaleksikografia, wafasiri na walimu wa Kiswahili wa vyuo vyetu, na kazi yenyewe haizidi kurasa chache. Mitambo itakuja na kubadilika. Maneno yatakayopita ndani yake alfajiri ya hatari lazima yawe yamekwisha kuzoeleka masikioni mwa wote, kuanzia mhadhiri hadi mlinzi wa lango.